Marcelina Nehemia, Mtu wa Saba Nyumbani Kwake

Baba Padre, wazee, ndugu wa Simbo na wa Buzebazeba, na akina mama wa mwaloni mlioacha kazi leo mkaja kukaa nasi, shikamooni. Naitwa Jovita, mtoto wa kwanza wa marehemu, na baba mdogo Anatoli amenipa kazi hii kwa sababu sauti yake imekauka kwa kulia, basi nikisimama katikati naomba mnisubiri.

Mama yetu, Marcelina Nehemia, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1976 katika kijiji cha Simbo, mtoto wa nne wa mzee Nehemia na bibi Skolastika, wakulima wa mihogo na michikichi. Alisoma shule ya msingi hapohapo Simbo kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, akamaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na mwaka 1993 alikuja mjini kwa shangazi yake Buzebazeba, akaanza kuanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kazi aliyoifanya miaka ishirini na tatu bila mkataba na bila mwajiri mmoja, leo mzigo wa huyu, kesho wa yule, akilipwa kwa beseni.

Tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa na baba yetu Herman, mbeba mizigo bandarini, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1999, Japhet mwaka 2003 na Erick mwaka 2008. Mwaka 2011 mama alimchukua Asnath, binti wa dada yake aliyefariki, akawa wa kwetu, na bibi Esther, mama yake baba, tulikuwa naye tangu mwanzo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watu saba.

Mwezi wa pili mwaka 2014 mtendaji wa mtaa alipita na fomu za bima ya afya ya jamii, kadi moja ikiwa ya kaya ya watu sita, na mtu wa saba alihitaji kadi nyingine kamili, kama kaya mpya. Mama alisimama mlangoni akataja majina, akaanza na bibi, akamalizia na Asnath, na alipoulizwa, “Na wewe mwenyewe, mama?” alijibu kwamba tangu azaliwe hajalazwa isipokuwa kwa uzazi, aandikwe mwakani. Mwakani akasema hivyohivyo. Baba alipogundua alitaka jina lake lifutwe liwekwe la mama, mama akamuuliza gunia likimwangukia bandarini tutamtibu kwa hela gani, wakabishana siku mbili, baba akashindwa, na naomba nimwambie baba mbele yenu kwamba hakuna mtu nyumbani anayemlaumu.

Ugonjwa ulianza mwezi wa nne mwaka 2015, kichwa kikimuuma na macho yakiona ukungu. Anayefanya kazi mwaloni anajua mambo yalivyo, kwenye giza mitumbwi inavua, dagaa ni wengi na huwezi kuondoka hata nusu siku kwa sababu nafasi yako itachukuliwa, na kwenye mbalamwezi mitumbwi inapumzika, una nafasi ya kwenda hospitali lakini hela imeisha. Mama aliisubiri wiki ambayo vyote viwili vingekutana, na haikufika.

Mwezi wa tano ndugu zetu Warundi waliletwa mjini kwa meli kutoka Kagunga mpakani, wakawekewa mahema na kuletewa madaktari, wakatibiwa bure kama ilivyostahili, maana walikimbia machafuko kwao bila chochote. Mama Dismasi, rafiki yake wa mwaloni, akamwambia, “Wewe Mama Jovita, Kiha chako na Kirundi chao nani atatofautisha? Jifunge kitenge, panga foleni, nyamaza.” Jumanne tarehe 2 Juni, ikiwa mbalamwezi, mama alipanga foleni tangu asubuhi, mimi nikiwa naye, na alipofika mezani akaulizwa anatoka mlima gani, kama Warundi wote walivyoulizwa, maana kwao mtu hutaja mlima wake kama sisi tunavyotaja kijiji, naye akajibu, “Simbo.” Mkalimani akacheka, foleni ikacheka, bibi mmoja Mrundi nyuma yetu akamtetea kwamba huyu ni mdogo wake, amechanganywa na safari, lakini mama akasema, “Hapana, mimi ni wa hapahapa, samahanini.” Muuguzi hakumfukuza, alimpima presha, akaipima mara ya pili, akampa vidonge vya siku saba na kumwambia aende hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya siku saba mama alivifanya vya wiki tatu.

Mwezi wa nane niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikaenda mwaloni ili yeye apumzike, lakini hakupumzika, tukawa tunaanika wawili.

Jumatatu tarehe 7 Machi 2016, saa tatu asubuhi, alianguka akigeuza dagaa, upande wa kulia ukawa hausikii, akina mama wakambeba kwa turubai mpaka barabarani. Hospitali walisema ni kiharusi kilichotokana na presha ya muda mrefu, na Alhamisi tarehe 10 Machi, saa nane mchana, alifariki akiwa na miaka thelathini na tisa. Jana mtendaji alikuja kutupa pole, akatuambia kwamba sasa kadi moja inatutosha wote. Alisema kwa wema. Tuko sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea bila kutanguliza swali la kadi, majirani mliopika na kulala nasi, wabeba mizigo wenzake baba, na akina mama wa mwaloni mliombeba.

Ukoo umekubaliana kwamba siku ya kuanua matanga hakutakuwa na wali wala nyama, tutakunywa chai, na rambirambi zenu zitawakatia bima akina mama wa mwaloni waliojiacha nje ya fomu. Nimeandika majina kumi na moja. Mama Dismasi amekataa, anasema tuanze na wenye watoto wachanga, yeye bado ana nguvu, aandikwe mwakani. Shikamoo, Mama Dismasi, nimekuandika wa kwanza.

Mama, umesubiri vya kutosha. Pumzika kwa amani.