Mbwa Aliyefungwa Jikoni Siku ya Wageni

Akina mama wenzangu, na akina baba mliokubali leo kukaa viti vya nyuma, nawasalimu kwa upendo. Mkiona nimesimama na leso mkononi msihangaike. Nikimtaja Jeki huwa nalia kidogo, halafu nacheka.

Jeki alikuwa mbwa wetu pale Izigo. Marehemu mume wangu alimleta kutoka Maruku akiwa mdogo sana, amemficha ndani ya koti. Nikamuuliza, "Huyu naye atakula nini?" Akanijibu, "Atakula ninachokula mimi, waitu," lile neno letu Wahaya la kubembelezana. Na ikawa hivyo. Ah, siku zile! Asubuhi za msimu wa senene, tukiwaokota kwenye nyasi zenye umande, Jeki alikuwa anawadaka wakiruka na kutumalizia kitoweo, na mume wangu anacheka badala ya kumfukuza. Natamani nisikie kile kicheko hata mara moja tu.

Mume wangu alipofariki tukamzika kibanjani, kati ya migomba yake. Waombolezaji wakaondoka, watoto wakarudi makazini kwao. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliacha kupika. Nimpikie nani? Lakini Jeki alikuwa anakuja kunisukuma kwa pua mpaka niinuke, na nikimpikia yeye, nami nakula. Yule mbwa ndiye aliyenibakiza duniani.

Ikafika siku ya wakwe. Watu wa Kamachumu walikuja kujitambulisha kwa ajili ya binti yangu wa mwisho. Mnajua mgeni wa namna hiyo tunavyomtandikia nyasi mpya sebuleni. Zilizobaki wifi yangu akazirundika jikoni. Na mbwa je? Tukafanya kama mnavyofanya ninyi nyote, msiniangalie hivyo! Tukamfunga jikoni asije akatuaibisha mbele ya wakwe. Kamba alikuwa anazitafuna, kwa hiyo tukatumia waya, tukamfunga kwenye nguzo. Jiko lenyewe la udongo na nyasi, ndizi zinachemka mekoni. Sasa mnaona hatari ilipokuwa. Sisi hatukuiona.

Tuko sebuleni, mchana kweupe, tumepiga magoti tunasalimia, na salamu zetu Wahaya hazina haraka. Jeki akabweka. Wifi akasema, "Mwacheni, ana wivu huyo." Akabweka tena, halafu sauti ikageuka ikawa ya kulia. Ndipo jirani yetu mmoja akapaza sauti kutoka njiani: "Omuliro! Moto! Jikoni kunaungua!"

Nilikimbia. Moshi ulikuwa umejaa mlangoni na paa limeshashika. Nikataka kuingia hivyo hivyo. Jirani akanishika kiunoni, akasema, "Mama, ukiingia humo tutakuzika na wewe." Nikapiga kelele kuita, na jina lililonitoka halikuwa la mbwa. Lilikuwa la mume wangu.

Aliyemwokoa ni baba wa kijana, mgeni yule yule tuliyekuwa tunamfichia mbwa. Akiwa na kanzu yake nyeupe na koti, alichukua panga, akazunguka nyuma ambako moto ulikuwa haujafika, akabomoa ukuta, akaikata nguzo, akaivuta nje pamoja na mbwa aliyefungwa kwake. Jeki, mgongo umeungua, akamshukuru kwa kumng'ata mkono. Chekeni tu, hata yeye alicheka. Akaiangalia damu, akasema, "Haya, waitu, sasa tumetambulishana." Jeki alikuwa na chanjo, lakini mkwe wangu tulimpeleka hospitali siku ileile.

Jiko liliisha lote. Mimi nikakaa chini uani mbele ya wageni, nikamkumbatia yule mbwa, nikalia kile kilio kilichonigomea msibani. Nililia mpaka nikaisha. Kesho yake nikaamka nikasikia njaa.

Mtaalamu wa mifugo aliyemtibu Jeki mgongo, asante. Akina mama mlioleta ndizi, na ninyi mliobeba mabati kichwani mkanijengea jiko jipya, siwataji, mnajijua. Mkwe wangu, asante, na kovu lako ni heshima kwetu.

Neno langu kwenu ni hili. Mkipata wageni, msifunge mnyama ndani penye moto. Mfungeni nje kivulini, kwa kamba ambayo mtoto anaweza kuifungua haraka. Nyasi na kuni ziwe mbali na meko. Mnapohesabu waliotoka kwenye moto, mhesabuni na yeye, maana hawezi kuita jina lenu. Na kama amebaki ndani, usiingie. Tafuta njia ukiwa nje.

Jeki aliishi miaka mingi baada ya hapo. Amekufa juzijuzi tu kwa uzee, amelala juani mlangoni, na wakwe wa Kamachumu wako sebuleni wanakunywa chai. Hakuna aliyekuwa amemfunga.