Mama Geuza na Mfuko wa Kijivu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita nyuma ya kaunta ileile, muuzaji mkuu wa duka letu la vyakula vya wanyama atavua aproni yake ya kijani na kustaafu. Wateja wanamwita Mama Geuza. Wajukuu wake nao wanamwita hivyohivyo, na binti yake amelalamika mpaka amechoka.

Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kufagia na kupima chakula cha kuku. Chakula cha paka kilikuwa mfuko mmoja tu pale pembeni, unakula vumbi. Mwenyewe hakuwa na habari na paka. Wazee wa hapa dukani wanakumbuka alivyopanda juu ya kiti siku paka wa jirani alipoingia kujitembeza. Lakini nyumba za ghorofa zikaongezeka mtaani, kuku wakapungua, paka wakazidi, na yeye akahamishiwa rafu ya paka kwa sababu tu hakuna mwingine aliyeitaka.

Kisha akaja Mkaguzi. Alifika akiwa kitoto, amejificha katikati ya marobota ya nyasi kavu, na kwa kuwa alianza kunusa kila gunia kabla hata hajapewa maziwa, jina likajileta lenyewe. Mama Geuza, yule yule wa kupanda kiti, ndiye aliyemfungua majani yaliyomnasa shingoni. Hatukumtania siku hiyo. Tulimtania kesho yake na siku zote zilizofuata.

Hapo ndipo alipobuni utaratibu wake maarufu. Msambazaji akileta chakula kipya, Mama Geuza alipanga vifuniko vya kopo la rangi sakafuni, kila kimoja na punje zake, sisi wote tukaacha kazi tukasimama kutazama. Mkaguzi alipita kwa maringo, ananusa, anarudi, anatufanya tusubiri. Chakula alichokimaliza kwanza kilipanda kwenye rafu siku hiyohiyo, na mteja akiuliza kama ni kizuri aliambiwa, "Mkaguzi mwenyewe amepitisha." Kiliuzika kweli.

Kasoro moja ndogo: Mkaguzi hakuwa na tofauti na mtoto aliyeachwa peke yake kwenye duka la peremende. Alichagua chenye harufu kali kuliko vyote. Baada ya muda tumbo likamshuka, manyoya yakafifia, akawa anajikuna mchana kutwa. Daktari wa mifugo alipopita kununua vitu vyake alimnyanyua, akampapasa mgongo, akaomba kuonyeshwa anachokula. Akaugeuza mfuko. Mbele palikuwa na picha ya samaki mnono anaruka. Nyuma, kwenye orodha ya viungo, kulianza unga wa mahindi, ikafuata pumba, ikafuata rangi. Samaki mwenyewe alikuwa huko mwisho kabisa, jirani na chumvi.

Mama Geuza kesho yake aliushusha mfuko ule, akawapitia majumbani wateja wote aliowauzia na kuwaomba radhi. Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo hakuna mfuko uliopita mikononi mwake bila kugeuzwa. Alimsumbua daktari kwa maswali hadi maskini yule akaanza kuingia kwa mlango wa uani. Alichojifunza alikigawa bure kaunta nzima. Mbele ni mapambo, alisema, chakula kiko nyuma. Paka ni mla nyama, kwa hiyo kinachotangulia kwenye orodha kiwe kuku au samaki au nyama iliyotajwa jina, si nafaka. Itafutwe taurini, kirutubisho kinachotokana na nyama, maana paka akiikosa macho na moyo vinaumia. Paandikwe kuwa ni chakula kamili, na kwa umri gani. Chakula cha mbwa abaki nacho mbwa. Na mteja asiulize bei ya mfuko, aulize mfuko utamlisha paka wake siku ngapi, kwa sababu kuna vya bei rahisi vinavyoisha kabla hujakunja risiti. Halafu alimalizia na maji: anayekula kikavu awekewe maji safi, tena mengi.

Tabia hiyo ilimwingia damuni. Aligeuza sabuni, aligeuza biskuti za chai ya saa nne. Siku moja aliletewa kadi ya harusi, akaanza kusoma upande wa nyuma uliokuwa mtupu.

Kwa kugeuza huko ndiko alikouona mfuko wa kijivu. Hauna picha, hauna paka anayetabasamu, unatoka kwenye kiwanda kidogo kisicho na pesa za matangazo. Lakini nyuma anatangulia kuku, taurini ipo, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Aliupa rafu ya katikati, usawa wa macho. Ukachukuliwa na mlinzi, na mwalimu, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye paka wake mweusi hulala juu ya vitambaa vya watu vilivyokwisha kukatwa.

Kisha duka likaingia mikononi mwa Bosi Mdogo, mtoto wa mzee aliyelianzisha. Kodi ilikuwa imepanda, na hesabu zake zilikuwa sahihi: mfuko wa kijivu ulileta faida kiduchu, mfuko mwingine wa bei ghali, wa rangi ya dhahabu, ulileta mara kadhaa yake. Akasema wa kijivu utoke. Fundi cherehani alipopata habari alivuka barabara na tepu yake bado shingoni. Alisema ukibaki wa dhahabu tu, hataumudu, na itabidi paka wake amtafutie mtu wa kumchukua. Watoto wake wameshaondoka nyumbani, na huyo paka ndiye anayemsikia akiongea jioni. Alisema hivyo akitazama sakafu.

Mama Geuza alimfuata Bosi Mdogo ofisini na kumwomba muda mpaka mvua ziishe. Mkaguzi, aliyekuwa akilishwa mifuko ya dhahabu iliyochanika wakati huo, angekula wa kijivu peke yake. Akidhoofu, Mama Geuza angeushusha mfuko kwa mikono yake na aproni angeiacha palepale. Tulimshika mikono. Alikuwa bado anamlipia binti yake ada ya shule. Tukamuuliza, "Mama, kazi yako unaiweka kwenye tumbo la paka?" Akajibu kwamba aliwahi kuliamini tumbo hilo bila kusoma, ila safari hii amesoma.

Alichanganya kidogokidogo, kipya ndani ya cha zamani, kama daktari alivyomwelekeza. Mkaguzi akagoma. Alitupa mgongo, akakaa dirishani kama aliyedhulumiwa urithi, wateja wakaanza kumwonea huruma. Mpakuzi wetu wa mizigo, kwa nia njema kabisa, alijaribu kumpenyezea kipande cha samaki, akafokewa mbele ya foleni. Tuliogopa sana wiki zile. Mama Geuza alipima punje, akabadilisha maji, akampandisha paka kwenye mizani ya magunia, akaendelea kuuza kama kawaida. Ila tulimwona akiangalia bakuli kila alipopita.

Hatimaye bakuli likakutwa limerambwa. Mvua zilipokatika, daktari alikuja, akapapasa, akamfungua mdomo, akasema paka huyu asibadilishiwe kitu. Manyoya yalikuwa yanang'aa. Bosi Mdogo alimpitishia mkono mgongoni, akautazama mkono wake, hauna unyoya hata mmoja, akasema mfuko ubaki. Fundi cherehani alirudi ng'ambo, na baadaye akaleta aproni ya kijani yenye mfuko mkubwa wa kuwekea miwani. Ndiyo hiyo anayoivua sasa.

Tuseme ukweli, tulikuwa na wasiwasi. Mama Geuza akiondoka, nani atailinda rafu ya katikati? Naye alikuwa na wasiwasi huohuo, ingawa alijifanya anahesabu vifuniko. Wiki iliyopita, akiwa juu ya ngazi, waliingia mke na mume vijana na kitoto cha paka ndani ya kikapu, wameukumbatia mfuko wa dhahabu. Kabla hajafungua mdomo, Bosi Mdogo alitoka ofisini na kuwaambia, "Samahani ndugu zangu, hebu tuugeuze kwanza, tusome wote." Wakasoma. Ulikuwa wa paka waliokomaa. Akawatafutia wa kitoto.

Mama Geuza alishuka ngazi taratibu, akaingia stoo, akatoka na macho mekundu. Alisema ni vumbi la pumba. Nimekaa naye kwenye vumbi hilo miaka mingi, na silijui kwa tabia hiyo.

Mkaguzi, ambaye sasa ni mzee na anasinzia kwenye droo ya risiti, anastaafu naye. Hakuna aliyepinga. Fundi cherehani ameshamshonea godoro.

Asante, Mama, kwa niaba yetu na ya paka wote wa mtaa huu. Siku hiyo tutakukabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa, na tunajua utakachofanya kabla ya kuifungua. Igeuze tu, hatutacheka. Maisha yako huko uendako yawe mema, mbele na nyuma.