Aliyesikiliza Injini kwa Meno

Marehemu Privatus Ndikuriyo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika kata ya Bukiriro, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nshoma na Bibi Eustakia. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga, lakini baiskeli ya mwalimu mkuu, aliyoifungua bila ruhusa, aliirudisha ikiwa nzima.

Mwaka 1974 alikwenda Biharamulo kujifunza ufundi wa magari, na mwaka 1981 akafungua gereji yake. Mwaka huohuo alifunga ndoa na Deodata, binti kutoka Nyabusozi.

Magari aliyoletewa yalikuwa makuukuu, kila moja na kelele yake. Kabla ya kushika spana alimtaka mwenye gari aiigize ile kelele kwa mdomo. Hata padri aliigiza, ko-ko-ko, mbele ya waumini wake. Desturi hiyo ilitokana na kosa. Mwaka 1994 alishusha na kuifungua injini nzima ya gari la parokia lililokuwa na kelele, kumbe ni boliti tu iliyolegea ya alteneta, kile kifaa cha kuchaji betri. Kosa hilo alilisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, maisha yake yote.

Mwaka 2019 masikio yalianza kuziba, naye akatuficha. Siku moja mimi, Tecla, mwanawe wa pili, nilimwamkia gerejini asiitikie. Alikuwa ameng'ata mpini wa bisibisi, ncha yake ameigusisha kwenye injini inayounguruma. Aliponiona alisema, "Masikio yamestaafu, mwanangu. Mimi bado. Njoo ung'ate." Nikang'ata, mtetemo ukapanda hadi kichwani. Tangu hapo tulifanya kazi pamoja, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kumwambia.

Machi 2025 alipata kiharusi. Aliomba azikwe Bukiriro, kando ya mama yake. Alifariki dunia mjini Biharamulo tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi.

Jana, tukimleta nyumbani, gari lililombeba lilianza kutoa kelele ya kugonga tukipanda mlima. Dereva alisimama, akasema injini imeharibika, maziko yaahirishwe hadi lipatikane gari jingine. Mama akaanza kulia upya. Nilitoa bisibisi ya Baba kwenye mkoba, nikaomba injini iachwe ikiunguruma, nikang'ata. Injini yenyewe ilikuwa shwari. Kelele ilitoka kwenye alteneta, boliti imelegea. Nikaikaza kwa spana ya dereva, tukafika.

Ameacha mjane, Deodata, watoto wanne, Josefina, Tecla, Sostenes na Zita, wajukuu tisa, na magari mengi ambayo bado yanatembea.

Baba, kosa lako ndilo lililokufikisha nyumbani. Lala sasa kwa amani ya Bwana.