Mjane wa Kipindi cha Kumi

Asiyeamini na asimame sasa hivi, Yidne aliwaambia, akanyoosha mkono kuelekea barabarani kama mwenye nyumba anayefukuza wageni, maana kikombe cha kwanza kikishapita hakuna kusimama tena. Ndivyo mambo yalivyo kwa Etiye Zenebech, mama muuza kahawa, kwenye kona ya Shiro Meda wanapouza nguo za kufuma: vigoda saba vya chini, majani mabichi yametandazwa kwenye vumbi, uvumba unafuka, na jebena lake, birika jeusi la udongo lenye shingo ndefu, limekaa juu ya makaa kama bibi harusi asiye na haraka na mtu. Kahawa ni vikombe vitatu. Cha kwanza kinafungua macho, cha pili kinafungua mdomo, cha tatu kinaitwa baraka, na anayeondoka kabla ya baraka anaondoka na mikosi yake na ya wote aliowaacha. Ukikaa umekaa. Jumamosi ile, saa tisa alasiri, hakuna aliyesimama, kwa sababu Yidne alikuwa amekuja na kipindi cha kumi, cha mwisho, cha tamthilia ya kijasusi iitwayo *Mtu wa Ghorofa ya Nne*.

Huyu Yidne alikuwa na miaka ishirini na mbili na kazi ya kupakia muvi kwenye simu za watu katika kibanda kisichozidi kabati kwa upana. Shule aliiacha darasa la tano, na alilitaja jambo hilo kama wenzake wanavyotaja shahada. Walimu, alisema, walianza kumwonea wivu. Kila Jumamosi alitazama kipindi kimoja kibandani, akaja kukisimulia kijiweni, maana bila yeye wangekipata wapi? Simu ya Etiye Zenebech ilikuwa ya vitufe. Simu ya Dakika, fundi saa aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kufika popote kwa wakati, ilikuwa na kioo kilichopasuka hadi waigizaji wote walionekana wana kovu. Na Gashe Woubshet, mzee aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye ubao wa kuunganisha simu za mji, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Tena tamthilia yenyewe ilikuwa ya nchi ya theluji, lugha yao kama watu wanaotafuna mawe, na chini yake maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio. Yidne alijisifu kwamba yeye husoma mistari miwili kabla msomi hajaipata miwani yake.

Etiye Zenebech akamimina kikombe cha kwanza, cha Gashe mbele, kwa kuwa ndiye mkubwa. Bakuli la kolo, shayiri ya kukaanga, likazunguka. Ubishi haukungoja.

Jambo lilikuwa lile lile tangu mvua zianze: katika ile ofisi ya ghorofa ya nne kuna mtu anawauza wenzake, na ni nani? Dakika alikuwa na jibu lake tangu kipindi cha tatu, na hakuna aliyeweza kumng'oa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Nguo zinashikwa na nani? Fundi cherehani. Kesi imekwisha.

— Fundi cherehani alikufa kipindi cha tano, Yidne akamkumbusha.

— Ndiyo maana hakuna anayemshuku.

Kuanzia hapo Dakika hakushikika tena. Fundi hakufa, akaeleza, aliyezikwa ni pacha wake. Pacha huyo alilelewa na waziri. Waziri naye, ukimtazama vizuri anavyokunja mwavuli, si waziri, ni mkewe waziri. Kikombe kilipofika kwenye machicha tayari mji mzima ulikuwa wa bandia, na ile theluji ilikuwa chumvi iliyomwagwa na idara ya usalama ili nyayo za watu zionekane. Mgeni siku mbili, akamalizia, siku ya tatu mpe jembe, akikataa jembe ni jasusi.

Etiye Zenebech, aliyekuwa akipepea makaa, alisema yeye haamini kama kuna jasusi hata mmoja katika hadithi hiyo.

— Watu wale wanakunywa kahawa wakitembea. Kikombe cha karatasi, kina kifuniko kama chupa ya mtoto. Mtu anayekunywa hivyo ana nani wa kumwambia siri? Atamsaliti nani?

— Wala hawasalimiani, Dakika akaunga mkono. Vipindi tisa, hakuna aliyemuuliza mwenzake mama ameamkaje. Hapa Gulele jasusi angekamatwa kabla hajamaliza salamu.

Gashe Woubshet hakucheka. Yeye hakujali fundi wala waziri. Tangu kipindi cha pili alikuwa na mtu wake mmoja tu katika tamthilia ile: karani mzee wa simu. Karani huyo, kwa jinsi Yidne alivyosimulia, aliwahi kuunganisha simu ya wakubwa zamani, akasikia kwa masikio yake amri ya kukamatwa kwa rafiki yake. Hakumtaja rafiki kwa mtu yeyote. Ila alisikia, akanyamaza, akaogopa. Rafiki alichukuliwa asirudi, na mji ukasema karani ndiye aliyemuuza. Kipindi cha tisa kiliishia karani akiwa amesimama mbele ya mlango wa mjane wa rafiki yule, kofia mkononi, amekwisha kugonga.

Hakuna mtu wa kona ile ambaye hakujua kwa nini Gashe alikuwa amekosa raha wiki nzima. Enzi za wanajeshi alichukuliwa mwalimu mmoja, Tefferi, na aliyekaa kwenye ubao wa simu siku hiyo alikuwa Woubshet. Mjane wa Tefferi, Bibi Belaynesh, bado anaishi Kechene, mwendo wa nusu saa kupanda mlima. Kwa miaka arobaini na sita Gashe akienda kanisani huzunguka kwa njia ya chini ili asipite mlangoni pake. Hayo yote yalijulikana, na kwa adabu hayakusemwa.

— Niambie kitu kimoja tu, mwanangu, akasema Gashe. Yule mjane. Alifungua?

Yidne alikuwa ameandaa dakika arobaini za risasi na magari. Akayaacha yote.

— Alifungua, Gashe. Akamtazama kwa muda mrefu, halafu akasema, ingia, nje kuna baridi.

Mzee akakiweka kikombe chini taratibu, akiitafuta ardhi kwa vidole.

— Basi na mimi napanda Kechene leo. Tukishamaliza baraka.

Dakika akaguna tu. Etiye Zenebech akaacha kupepea. Yidne alivimba kichwa kama mtu aliyefunga goli, kisha akatamani goli lile likataliwe. Alikuwa amezoea watu waondoke pale wakicheka. Hajawahi kuona mtu anayeondoka na hadithi yake kwenda kuitumia.

Etiye alikuwa akimimina kikombe cha pili alipofika mpwa wake, Meklit, msichana anayesomea uuguzi, koti jeupe limekunjwa mkononi. Akasalimia mmoja mmoja, akauliza afya ya magoti ya Gashe na ya duka la Dakika, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa wazi. Kusikia jina la tamthilia akafurahi. Alikuwa ameitazama yote, akasema, mara mbili. Wakamweleza walipofikia, kwamba karani wa simu amefunguliwa mlango. Akasikiliza kwa heshima, kolo mdomoni, hadi mwisho.

— Samahani, akauliza. Karani wa simu ni nani?

Kila mmoja akamtazama mwenzake, kisha wote wakamtazama Yidne.

— Nauliza tu, kwa sababu nimeona vipindi vyote kumi. Hakuna karani. Hata simu ya waya hakuna mle ndani.

Yidne hakupepesa jicho. Akamwambia dada yangu, pole, umeuziwa ile iliyokatwakatwa, wanayowapa wanafunzi ili wasiharibikiwe masomo. Ile kamili inapitia kwa binamu yake aliyeko Istanbul, haifiki kwa kila mtu. Na kabla msichana hajajibu, Dakika akaruka kumsaidia bila kuombwa.

— Mnaona sasa? Karani ndiye jasusi. Jasusi wa kweli haonekani. Amejifuta.

Ilikuwa zawadi ya bure. Yidne angeweza kuidaka, akajenga juu yake ghorofa nyingine nne, na kijiwe kingemfuata hadi juu. Lakini Meklit alishatoa simu yake, akaiwasha kwenye kipindi cha kumi, akamkabidhi. Mtu mwenye koti refu alikuwa akiongea dirishani na maandishi yakipita chini ya miguu yake.

— Tusomee wewe basi, kaka. Mimi Kiingereza changu ni cha dawa tu.

Hapo Yidne akatazama barabara. Kibanda chake kilikuwa hatua hamsini. Ila baraka ilikuwa bado haijamiminwa, na kuinuka kabla ya baraka mbele ya mzee anayesubiri kupanda mlima ni jambo ambalo hata yeye, pamoja na uso wake mkavu, hakuliweza. Akarudisha macho kwenye kioo. Herufi zilipita kama siafu waliokanyagwa. Za Kiamhari alizimudu, za mabango na za risiti. Hizi alijua tu kwamba ni herufi. Mdomo wake ulikwisha kupata sentensi tatu nzuri, moja ikiwa na bastola ndani. Akamwona Gashe amemgeuzia sikio, lile la kulia, lililovaa kisikilizio cha simu miaka thelathini.

— Siwezi kusoma, akasema.

— Imekuwa ndogo? Meklit akauliza. Nitaikuza.

— Hata ukiikuza iwe kama nyumba. Sijui Kiingereza. Sijawahi kujua. Natazama picha, mengine natia mwenyewe.

Dakika alimtazama kwa muda kama saa iliyokataa kutengenezeka.

— Tangu lini?

— Kipindi cha kwanza.

— Na fundi cherehani?

— Kuna mtu ana sindano. Kama ni fundi au nani, sijui.

— Ni daktari, akasema Meklit kwa upole.

Dakika akaweka kikombe chini. Nadharia ya vipindi saba, mapacha wawili na mji wa chumvi ilikuwa imemfia mikononi. Etiye Zenebech yeye alimtukana Yidne kidogo, kwa utaratibu, akimwita mwongo, mvivu na mtoto wa watu wema, huku akiongeza maji kwenye jebena kwa mara ya mwisho.

— Na mjane? akauliza Gashe.

— Mjane ni wangu. Na karani ni wangu pia, ila...

— Karani namjua, mzee akamkata. Usinieleze habari zake.

Baraka ikamiminwa. Kahawa ya tatu ni nyepesi, unaweza kuona chini ya kikombe, na siku ile watu walikunywa kana kwamba wanakitafuta kitu huko chini. Gashe akamaliza yake yote. Akaomba kama ilivyo desturi ya mkubwa, kwamba nyumba hii isikose moto, walioketi warudi, walio mbali wafike. Kisha akashika fimbo yake.

— Nishike mkono, Yidne. Njia ya juu siijui tena.

— Gashe, si umesikia? Dakika akasema. Hakuna mjane.

— Wa kwake hayupo. Wa kwangu yupo.

Wakapanda. Punda walikuwa wakishuka na kuni za mikaratusi, wafumaji wamekaa kwenye mashimo chini ya vitanda vyao vya kufumia, miguu ikicheza kwenye nyuzi. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani Yidne alitembea robo saa nzima bila kusema. Gashe alipumua kwa shida, akapumzika, akapanda tena, na kila alipopumzika Yidne aliomba Mungu aseme turudi. Hakusema. Walipofika kwenye kona ya kisima, ambapo ukigeuka tu unaiona nyumba ya Bibi Belaynesh na mlango wake wa bati uliopakwa kijani, Yidne akasimama.

— Gashe, kuna sehemu sikuisema.

— Bado unayo nyingine?

— Hii si ya muvi. Jumatano nilikuja hapa. Kipindi cha kumi kilinishinda, sikujua mjane afanye nini. Nikasema nije nimuulize mwenyewe.

Mkono wa mzee ukakaza juu ya wake.

— Ulimgongea?

— Nikagonga.

— Akafungua?

— Alifungua. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akaniuliza nani kanituma. Nikataja jina lako. Akafunga.

Gashe akachimbia fimbo kwenye changarawe.

— Alifunga kwa nguvu?

— Polepole. Halafu sikusikia hatua. Alikuwa palepale nyuma ya bati, namsikia anavyopumua. Nikaingiwa na woga, nikashuka mbio mpaka Shiro Meda, na leo nikawaambia nyote kwamba alisema ingia. Hakuondoka mlangoni, Gashe. Niliyeondoka ni mimi.