Sura Tuliyoishia Katikati

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, unga umelala chini ya vitambaa na tanuri limeanza kushika moto, pale mdogo wenu Kinanda alipoacha kusoma katikati ya sura, akaweka kidole kwenye ukurasa na kuniambia, "Baba, ngoja kidogo nivute pumzi." Tukangoja. Mnakumbuka tulivyongoja, wanangu. Unga ukaumuka, ukafurika kwenye mabeseni, ukamwagika mezani hadi sakafuni, na hakuna aliyenyoosha mkono kuugusa, kwa sababu mikono yetu yote ilikuwa imemshika yeye.

Sikilizeni basi, na mnivumilie, maana leo nasema polepole. Mama Pacha, mwanangu, nisogezee mto huu mgongoni. Hapo, asante mama. Na wewe Dereva, najua umesimama mlangoni. Kama hutaki kukaa usikae, mradi usiondoke.

Nianze na mambo ya vitu, yasije yakatuharibia yale ya maana. Bekari na tanuri lake ni mali yenu ninyi wawili. Mama Pacha ataendelea kukanda na kuoka, Dereva atapeleka mikate madukani kama anavyofanya sasa, na gari ni lake. Nyumba hii msiiuze hadi pacha wamalize shule. Na hili nataka mlisikie sawasawa: sikufunga urithi wangu kwenye sala. Asije mtu akasema baba alimwachia yule anayesali. Dereva ni mrithi wangu akisali, na ni mrithi wangu asiposali.

Kusoma asubuhi alikuanzisha mama yenu, Mungu amrehemu, bekari ikiwa bado chumba kimoja. Hamira haina haraka. Ukishakanda, unangoja, na sisi katika kungoja tulikuwa hodari wa kuwasema majirani. Siku moja akaja na Biblia kwapani akaniambia, "Mume wangu, majirani tumewamaliza, hakuna aliyebaki mzima. Tusome." Ikawa hivyo: unga ukipumzika, sura inasomwa, tunanyamaza kila mtu awaze lililomgusa, tunaomba, kisha tunakata madonge. Ninyi mmekulia mle, mkisinzia juu ya magunia. Na Kinanda alipojua kusoma, sisi wengine tukastaafu, maana sauti yake ilifanya hata yale majina marefu ya vizazi yasikike kama habari za watu tunaowafahamu.

Siku ile alikuwa anasoma habari ya yule baba, mkuu wa sinagogi, aliyemwendea Bwana Yesu kwa ajili ya binti yake mgonjwa. Kinanda alifika pale watu wanapokuja kutoka nyumbani kumwambia kwamba mtoto amekwisha kufa. Akaishia hapo, na pumzi ile haikumrudia tena.

Tuliporudi kazini baada ya mazishi, Mama Pacha, ulifungua Biblia ukaanza sura iliyofuata. Dereva akakuambia, "Umeruka, dada."

"Sijaruka."

"Umeruka. Rudi pale. Soma tusikie mtoto wao alivyoamka."

Ukashindwa. Naye akasema, "Kumbe hata wewe huamini," akavua aproni na kutoka, nawe ukamfuata hadi uani ukamwita mpagani mbele ya wapakiaji. Tangu siku ile hamjaketi pamoja. Sisi tukisoma, yeye yuko ndani ya gari na redio yake.

Mama Pacha, lile neno lirudishe. Usingoje nizikwe ndipo ulirudishe. Ulimwambia mtu ambaye usiku kucha wa msiba alikaa kwenye benchi amekumbatia kanga ya mdogo wake. Na Biblia ile, mwanangu, usimpige nayo kichwani.

Na wewe Dereva, unadhani sisikii? Ukuta ule ni mwembamba. Dada yako akianza kusoma, redio yako inashuka. Kila siku inashuka. Sikukuambia kwa kuhofia ungeipandisha.

Swali lako ni la haki. Yule wao aliamshwa, wetu tukamzika. Mchungaji alipojaribu kunipa jibu nilimwomba anywe chai yake. Ila sura ile nimeikalia peke yangu, mwanangu, nikiogopa kwenda mbele na nikishindwa kurudi nyuma, na nimeona jambo moja. Wale watu walipoleta habari ya msiba, waliona Bwana hana haja ya kusumbuliwa tena. Mambo yamekwisha, arudi zake. Naye hakurudi. Alimwambia yule baba asiogope, akaenda naye. Kati ya habari ile na mlango wa nyumba kuna njia, na Maandiko hayasemi walizungumza nini njiani. Mimi niko kwenye njia ile. Nyumbani sijafika, sijamsikia mtoto akiambiwa ainuke, na moyo wangu umevunjika. Lakini sitembei peke yangu. Hilo nalijua kama ninavyojua joto la tanuri kabla sijafungua mlango wake.

Kwa hiyo nawaomba hili, na halina malipo. Unga ukilazwa kesho, ketini wote wawili, mkaimalize sura ile. Dereva asome. Ukikwama, dada yako akungoje, asikunyang'anye kitabu. Mkilia, lieni. Ukishindwa kuitikia Amina, nyamaza, mwanangu. Mungu hatishiki na kimya chako.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Mnizike na suti ya kahawia, ile nyeusi inanibana, nisije nikafufuka nalalamika. Hotuba ziwe fupi. Wapakiaji wapewe mikate siku hiyo. Pacha waambieni babu... waambieni babu aliwapenda. Sogeeni. Mkono wako, mama. Na wako, Dereva. Njoo, baba, njoo. Mungu awabariki mnapokanda na mnapoendesha, awalinde barabarani, awape kupatana... awape kupatana. Ngojeni nimwombee mdogo wenu, nguvu zinaniishia.

Bwana, uliyetembea na baba mwenye msiba, mkumbuke Kinanda. Mweke mahali penye hewa safi, pasipo vumbi la unga, apumue... apumue bila kuhesabu pumzi. Mama yake awe karibu. Msamehe kama alikukosea, alikuwa mtoto mwema. Na huyu kaka yake aliyekukasirikia, Bwana, pokea hasira yake kama sala, ndiyo aliyo nayo. Nami nikija... niruhusu nimwone. Mpokee, Bwana. Mpokee binti yangu. Amina.