Kibanda Alimozaliwa Gavana

Bi Hepziba Tuttle alipanda treni kwenda kuona sanamu ya kaka yake, gavana wa zamani wa Indiana, ikizinduliwa. Hakumwambia mtu behewani kwamba marehemu alikuwa kaka yake, na ndiyo maana akayafaidi mazungumzo. Mbele yake wanaume wawili wasiojuana walikuwa wameshaanza kunyoosheana vidole.

"Kazaliwa kwenye kibanda cha magogo, kaswaga nyumbu wa kuvuta mashua kando ya mfereji, mpaka akawa gavana mara mbili!" alisema mwenye ndevu.

"Acha hizo, bwana," akajibu mwenye kofia ndefu. "Siku hizi kila mgombea kazaliwa kwenye kibanda cha magogo. Kwani nchi hii hakuna mama aliyejifungulia kwenye nyumba ya matofali?"

Bi Hepziba akageukia dirishani asije akacheka. Mama yao alijifungulia ghorofani, kwenye nyumba ya matofali. Kibanda baba alikijenga baadaye, kwa ajili ya nguruwe.

Mwenye ndevu akafungua leso, akatoa kibanzi cha mti. "Nimekibandua mwenyewe ukutani mwa kibanda hicho! Mama, wewe mtu mzima, hebu mwambie huyu mbishi."

Bi Hepziba akakinusa. Harufu ilikuwa haijatoka.

"Ni chenyewe," akasema. "Wamezaliwa wengi mle."

"Umesikia?"

"Kuna siku walizaliwa kumi na mmoja kwa mpigo, na wote wakanenepa vizuri."

Treni ikasimama. Akachukua mwavuli wake akashuka, akiwaacha wanabishana gavana alikuwa na ndugu wangapi.