Kifungo cha Uzi Mwekundu

Ndani ya basi, fundi cherehani alimwonyesha mama wa kiti cha pembeni picha za mumewe kwenye simu, anayefanya kazi ng'ambo kwenye mji wa ufukweni.

"Anakula raha, mdogo wangu," mama akasema. "Muziki, mpira mchangani. Wangu yuko huko huko, na wala sina presha."

"Shati hilo nilishona mimi, dada. Tazama kifungo." Akakikuza kwa vidole. Shati jeupe, uzi mwekundu.

"Kilikatika, akakishona."

"Huyo? Hata kutunga uzi kwenye sindano hajui."

"Basi alilipeleka kwa fundi."

"Fundi hashoni hivyo. Aliyeshona alishika uzi uliokuwa karibu na kitanda."

Basi likasimama. Mama asiye na presha akashuka bila kuaga. Fundi akamwona dirishani, amesimama juani, anakuza picha ya mume wake mwenyewe kwenye simu yake.